Doa Chini ya Lori

Kila siku kabla ya kwenda shule, Klara alifagia uwanja. Alianzia mlangoni pa tembe lao, nyumba ya udongo yenye paa bapa, akazunguka jiko la nje, akamalizia kwenye lango la zizi, huku Bibi Raheli amekaa kwenye kigoda chake akiota jua na kumkosoa. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kufifia, lakini kila jani lililosahauliwa aliliona.

"Pale umeruka," alimwambia. "Unamwachia nani?"

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwaka uliofuata Azimio la Arusha, palikuwa na kitu kigeni uwanjani. Kati ya zizi na ghala la uwele liliegeshwa lori jekundu lililochujuka rangi, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mbuzi walilipita kwa mbali. Mbwa wa nyumbani, ambaye kwa kawaida alilala popote penye kivuli, hakukitaka kivuli chake. Upepo wa kiangazi ulipenya kwenye mbao za bodi, ukazifanya zilie kwa sauti nyembamba kama ya mgonjwa anayejizuia.

Klara alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano kijijini hapo, Misigiri. Baba yake, Laurenti, alikuwa utingo kwa miaka mingi. Alipanda nyuma ya malori ya watu, akala vumbi lao, na kwenye milima akaruka chini na gogo lake mkononi ili kulizuia gurudumu lisirudi nyuma. Mwaka huo hatimaye alipata leseni. Sasa alikuwa dereva, ila dereva asiye na gari, na jambo hilo lilimkosesha raha hata mbele ya sahani ya ugali.

Ndipo akatokea Bwana Gaspari, mfanyabiashara kutoka Singida mjini. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye koti refu hata wakati wa joto. "Lori hili liko tayari, anayekosekana ni mtu," alimwambia Laurenti. "Msimu wa pamba umeanza huko bondeni, na ushirika unatafuta malori kwa tochi. Linunue, au likodi. Uamuzi ni wako. Likae kwako siku chache, ulizoee." Akalileta, akaliacha, naye akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni pale njia panda.

Basi asubuhi hiyo ya kwanza Klara alifagia kulizunguka. Nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, alikuta doa lenye upana wa kifuniko cha sufuria. Halikuwa jeusi kama mafuta ya injini. Lilikuwa na rangi ya chai isiyokolea, liking'aa, na harufu yake kali ilimkaba koo. Klara aliliona kuwa ni uchafu kama uchafu mwingine. Akalikwangua kwa kipande cha jembe, akaenda kuutupa udongo ule nyuma ya zizi, akamwaga majivu na kufagia juu yake.

Mara baba yake akatoka. Hakwenda kwenye usukani. Aliinama akatazama ardhi chini ya lori, kuanzia mbele hadi nyuma, kama alivyofundishwa tangu siku zake za utingo. Alikwisha kumweleza Klara zamani: "Kazi ya kwanza asubuhi si kuwasha injini. Ni kutazama chini. Lori halina mdomo. Likiumwa, utajua kwa kinachodondoka."

Laurenti akainuka, uso wake umechangamka kama wa kijana. "Kavu!" akapiga paja lake. "Mama Klara, njoo uone! Lori la umri huu, limelala kavu kabisa!"

Klara alifungua mdomo kusema. Lakini baba yake alimnyanyua juu juu, akamkalisha kwenye kiti cha dereva, akaiweka mikono yake kwenye usukani uliokuwa baridi. "Binti wa dereva," alisema. Klara hakuwahi kumwona baba yake akifurahi namna ile. Akaufunga mdomo, na maneno yake akayameza.

Shuleni habari zilikwisha kumtangulia. Rafiki yake Yunisi alimpokea mlangoni. "Shikamoo Binti Lori!" alisema akipiga goti kwa mzaha, na darasa zima likacheka. Mvulana mmoja alisema wenye malori ni kupe, kwamba redio imesema hivyo, lakini hata yeye saa ya mapumziko aliuliza kama siku moja angeweza kupanda. Klara alirudi nyumbani akitembea kwa madaha.

Asubuhi iliyofuata doa lilikuwepo tena, tena limepanuka. Safari hii Klara alitazama huku na huku kabla ya kuinama. Bibi alikuwa bado ndani. Akakwangua, akatupa, akamwaga majivu, akafagia. Mara ya kwanza alifanya bila kujua, lakini mara hii alijua anachokifanya, na alisubiri kando ya ukuta mpaka baba alipotoka na kusema tena, "Kavu."

Ikawa ndiyo kawaida yake. Aliamka kabla ya kuku, akalifuta doa, na kila siku doa lilimshinda kidogo kwa ukubwa. Mchana baba yake aliliendesha lori kwenye tambarare, akisomba kuni na matofali ya majirani ili alizoee. Lilisimama alipotaka lisimame. Rangi ndani ya gurudumu la kushoto ilianza kubanduka, ikaacha chuma kikiwa uchi, lakini aliyeliona hilo ni yule aliyeinama kila siku na ufagio. Wengine walitazama juu, kwenye bodi na taa.

Kila jioni Bwana Gaspari alikuja kulijulia hali lori lake. Alifungua boneti, akainamia ndani akiwa amewapa watu mgongo, na mkono wake ukaingia na kutoka kwenye lile koti refu. Jioni moja Klara alikiona alichotoa. Kilikuwa kikopo kidogo cha bati. Alimimina kitu, akakirudisha kikopo, akafunga boneti polepole. Kisha akashuka hadi gurudumu la nyuma, akatazama chini. Akayaona majivu. Akamtazama Klara, aliyekuwa anapeta uwele, na ufagio umesimama ukutani karibu naye.

"Wewe ndiye unayefagia hapa?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Binti msafi sana." Alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Fagia hivyo hivyo."

Mpaka hapo alidhani siri ile ni yake peke yake. Kumbe alikuwa na mwenzake, na Klara hakumpenda mwenzake huyo hata kidogo.

Jioni iliyotangulia safari ya kwanza, Stefano alikuja kula nao. Stefano alikuwa dereva wa lori la ushirika, mtu mzima mwenye mvi za mapema na sauti ya kukwaruza, naye ndiye aliyekuwa bosi wa Laurenti enzi za utingo. Jua lilikuwa linazama nyuma ya zizi. Wanaume waliketi kwenye ngozi, Bibi kwenye kigoda, na Klara na mama yake, Marietha, wakawa wanapakua ugali na mlenda.

"Haya, umeamua?" Stefano aliuliza. "Unanunua au unakodi?"

"Kununua ni kumaliza zizi," Laurenti alijibu. "Ng'ombe wangu wote waondoke, na bado nibaki na deni. Gurudumu likipasuka, langu. Injini ikikohoa, yangu. Hapana. Nakodi kwanza. Kesho nashuka nalo bondeni na mzigo wa chumvi na wavunaji wa pamba, nikirudi na pamba Bwana Gaspari anachukua sehemu yake ya nauli. Hatuna ugomvi."

"Na likiharibika?"

Laurenti akacheka. "Kaka Stefano, wewe ni mtu wa hapa au umekuja juzi? Nina ng'ombe wa Mzee Antipasi wa Kinyangiri zizini mwangu. Namlisha, namkama, maziwa na samadi ni vyangu, ng'ombe ni wake. Mwenzake alipokufa kwa ukame nilifanyaje? Nilimpelekea Mzee ngozi. Akaipokea, akanipa pole, yakaisha. Lori la kukodi ni ng'ombe wa kufuga tu. Likifa, limemfia mwenyewe."

Kwa watu wa pale hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Ng'ombe waliopewa jamaa kuwafuga walitapakaa wilaya nzima ya Iramba, na hakuna aliyeandikiana na mwenzake. Ngozi ilitosha kuwa shahidi.

Bibi Raheli aliacha kutafuna. "Umemuuliza Gaspari kama lori lake lina ngozi?"

"Mama, mambo hayo yanajulikana."

"Yanajulikana kwa nani? Kwako, au na kwake pia?"

Laurenti alimega tonge jingine. Stefano ndiye aliyeendelea, na aliongea akitazama lori lililokuwa linageuka jeusi kwa giza.

"Mimi ningekwambia subiri. Ushirika unataka dereva wa pili. Mshahara si mkubwa, najua, na lori halitakuwa na jina lako. Lakini lori la ushirika lina fundi wake, na likilala njiani wewe utalala usingizi. Endesha la wenzako mwaka mmoja, uujue mteremko wa Mlima Sekenke wa kwenda bondeni ukiwa kwenye usukani. Kuujua ukiwa nyuma na gogo ni mambo mengine."

"Nikae chini ya watu mpaka lini?" Laurenti alisema kwa uchungu. "Nimekula vumbi lenu ujana wangu wote."

"Hata mimi nililila. Na vyuma vile vya lori lililoporomoka chini ya kona ya tatu pale Sekenke umeviona. Mwenye lori lile nilimfahamu, alikuwa mgeni wa kazi kama wewe. Lilionekana zima. Breki zilikuwa zinavuja kwenye gurudumu, mafuta fulani ya rangi ya chai, yenye harufu kali ya kukaba koo. Kwenye tambarare unakanyaga, linashika. Ukiwa kwenye mteremko na mzigo mgongoni, unakanyaga, mguu unazama mpaka sakafuni kama umekanyaga tope. Baada ya hapo hakuna cha kufanya."

Mwiko ulimponyoka Klara, ukaanguka kwenye majivu.

"Una nini wewe?" mama yake aliuliza.

"Umeniunguza," alisema Klara, na huo ulikuwa uongo mwingine.

"Mimi langu halivuji," Laurenti alisema. "Kila asubuhi natazama chini. Kavu."

Stefano akamwamini, maana alijua Laurenti si mvivu wa kuinama. Na Klara akakaa pale na siri imemjaa kifuani, akiwatazama wote wawili. Angesema nini? Kwamba lile "kavu" ni la ufagio? Angepigwa, na kupigwa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni uso wa baba yake baada ya kuambiwa. Akajitafutia njia ya mwoga. Kesho, alijiambia, sitafagia. Nitaliacha doa lilipo, baba ataliona mwenyewe, nami sitakuwa nimesema neno.

Asubuhi alitoka mapema. Upepo ulikuwa umetulia, na utulivu ule haukumpendeza. Doa lilikuwa kubwa kama ungo, na lilikuwa bado linakunywa, tone baada ya tone kutoka ndani ya gurudumu. Klara aliuegemeza ufagio ukutani, akaondoka kwenda kukoka moto.

"Binti."

Bwana Gaspari alikuwa amesimama upande wa pili wa lori. Haikujulikana alifika saa ngapi.

"Leo hufagii?" aliuliza kwa upole. "Baba yako anatoka sasa hivi. Utamfanya aondoke kwenye uwanja mchafu, siku ya safari yake ya kwanza?"

Klara alifundishwa tangu utotoni kwamba mtu mzima akisema, mtoto hutenda. Mikono yake ilitenda kabla ya kichwa chake kukubali. Akakwangua, akabeba, akamwaga majivu, akafagia, na Gaspari amesimama juu yake mpaka mwisho. Kisha bwana yule akafungua boneti, akatoa kikopo.

Laurenti alipotoka, aliinama. "Kavu," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha tele. Akapanda, injini ikaguna, ikakubali. Lori likatoka uwanjani kuelekea njia panda kupakia chumvi na watu. Marietha akalifuata kwa miguu akiwa na mzigo wake kichwani, kwa kuwa naye alikuwa miongoni mwa wavunaji wa pamba. Klara alikuwa amelisahau hilo. Baba na mama, wote wawili, Sekenke moja.

Alisimama katikati ya uwanja uliofagiliwa vizuri. Hapakuwa na alama yoyote. Kama kitu chochote kingetokea, hata yeye mwenyewe asingeweza kuonyesha mahali.

"Klara," Bibi alimwita kutoka mlangoni. "Kwa nini nasikia mtu analia?"

"Bibi, lori linavuja! Linavuja tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye ninayefuta!"

Bibi Raheli hakumwuliza maswali. Wala hakumkemea. Alinyoosha fimbo yake kuelekea barabarani. "Basi kimbia! Mimi mwanangu yuko mle!"

Klara alikimbia. Alipita mashamba yaliyovunwa, mabua ya uwele yakimchana miguu, ufagio bado uko mkononi kwa kuwa alisahau kuuweka chini. Alipofika njia panda, magunia ya chumvi yalikwisha kupakiwa, na wanawake walikuwa wameketi juu yake wakiimba. Mama yake alikuwa amekaa nyuma kabisa. Lori la ushirika lilikuwa limeegeshwa kando, na Stefano alikuwa anakaza turubai. Baba yake alikuwa anapeana mkono na Gaspari.

"Baba, usiende!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka wimbo ukakatika. "Breki zinavuja! Mafuta yale aliyoyasema Mzee Stefano! Yako chini ya gurudumu kila siku!"

Laurenti aligeuka, uso umekunjamana. "Klara! Mbona nimetazama mwenyewe? Ardhi ni kavu!"

"Ni kavu kwa sababu mimi nafuta kabla hujatoka." Aliinua ufagio bila kujua anauinua. "Tangu siku ya kwanza, Baba. Ulifurahi sana. Sikutaka uache kufurahi."

Gaspari akacheka kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma. "Watoto! Anaogopa tu kumwona baba yake akisafiri. Bwana Laurenti, kanyaga breki mwenyewe, watu waone."

Laurenti alipanda, akakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, ikamrudisha mguu. Akakanyaga tena, ngumu vile vile. Akamtazama binti yake, na mtazamo ule Klara aliuona mbaya kuliko kipigo. Hakuwa na ushahidi. Ushahidi wote alikuwa ameufagia kwa mikono yake.

"Kanyaga usiachie," Stefano alisema. Alikuwa ameliacha turubai lake. "Usipige mara moja moja. Kaza mguu hapo hapo."

"Tunachelewa," Gaspari alisema.

"Tuchelewe."

Laurenti akakaza. Stefano akasimama kwenye ngazi ya mlango, akitazama mguu ule. Mwanzo hakikutokea kitu. Klara alisikia bendera ya tawi la TANU ikianza kupigwa na upepo juu ya mlingoti wake. Kisha goti la baba yake likaanza kushuka, polepole, bila yeye kuongeza nguvu, kidogo na kidogo tena, mpaka kiatu kikagusa sakafu. Nyuma, ndani ya gurudumu la kushoto, uzi mwembamba wa mafuta ya rangi ya chai ulitiririka juu ya chuma kilichobanduka rangi, ukaanza kuchora doa jipya vumbini.

Mwanamke mmoja alisema, "Yesu wangu," akaanza kushuka. Wengine wakafuata, wakisukumana, na Marietha akaja kumshika Klara mabegani.

Laurenti alishuka mwisho. Alimwendea Gaspari, na aliongea kwa sauti ya chini ambayo Klara hakuwahi kuisikia.

"Bwana Gaspari, nikuulize jambo ambalo mama yangu aliniambia nikuulize, nikaona haya. Lori hili lingekufa leo pale kwenye kona, ngozi ningemletea nani?"

"Ngozi gani? Lori lina ngozi?" Gaspari alirekebisha koti lake, kikopo cha bati kikachungulia mfukoni. "Umelipokea linatembea, mbele ya watu. Likifia mkononi mwako, limekufia wewe, nawe unalilipa. Ndiyo maana nilikuja nikawaona ng'ombe wako kwanza. Hiyo ndiyo biashara ya kukodi, kila mahali. Hukuuliza."

"Na hicho kikopo cha kuongezea mafuta ya breki kilichomo kwenye koti lako?" Stefano aliuliza. "Nacho hakukiuliza?"

Gaspari alifunga vifungo vya koti lake. Stefano alichukua gogo la utingo, akalipigilia chini ya gurudumu la mbele, kisha akamtuma mtu kumwita polisi wa zamu. Lori lile halikushuka Sekenke siku ile, wala siku nyingine, mpaka lilipovutwa kurudishwa mjini likiwa limefungwa mnyororo. Gaspari alipanda kwenye lori lililolivuta, koti lake amelikunja na kulikumbatia.

Jioni hiyo hakuna aliyempiga Klara, na hilo lilimtesa. Alikaa karibu na lango la zizi mpaka baba yake alipokuja kukaa naye. Walitazama mahali lilipokuwa lori. Majivu yalikuwa bado yapo.

"Umenikasirikia?" Klara aliuliza.

"Nimekasirika sana," Laurenti alisema. "Na bado ninaogopa. Nilipoiona pedali inazama, nilimwona mama yako akiwa nyuma pale juu ya chumvi." Akaokota kijiti, akakivunja. "Lakini sikia, Klara. Wewe ulificha ukweli ili mimi nifurahi. Mimi nami sikuuliza ukweli, kwa sababu nilitaka kuendelea kufurahi. Bibi yako aliniambia niulize, Stefano aliniambia nisubiri, na mimi nilikuwa na haraka ya kuitwa mwenye lori. Gaspari hakuhitaji kutudanganya sana. Tulimsaidia."

Bibi Raheli alikuwa kwenye kigoda chake, akisikiliza kila neno. "Mpendwa wako ukimficha habari mbaya, unamwacha aende nayo peke yake," alisema. "Mwambie mapema, hata akinuna. Atanuna akiwa hai. Na wewe, Laurenti, kitu cha mtu usikichukue kabla hamjasema wazi kikifa kimemfia nani. Uliza, hata kama kila mtu anajua. Sasa njooni mle."

Wiki iliyofuata Laurenti alianza kazi kwenye lori la ushirika kama dereva wa pili. Mshahara ulikuwa mdogo, kama Stefano alivyosema, na mlangoni hapakuwa na jina lake. Ng'ombe walibaki zizini, na yule wa Mzee Antipasi akiwemo. Mara nyingine Laurenti alilitaja lori lake la siku za mbele, lakini sasa aliposema hivyo alisema pia ni maswali gani atauliza kwanza, na juu ya orodha yake kulikuwa na ngozi.

Zamu zake zilipomleta kulala nyumbani, lori la ushirika liliegeshwa kati ya zizi na ghala. Klara aliamka kama kawaida, akachukua ufagio, akaanzia mlangoni. Lakini alipolifikia lori alisimama, akauweka ufagio chini, akasubiri. Baba yake alitoka, akafunga mikono nyuma, na kabla ya yeye mwenyewe kuinama alimwuliza kwanza binti yake:

"Chini kukoje?"

Klara alipiga magoti, akatazama kuanzia mbele hadi nyuma, bila haraka. Asubuhi moja, mwanzoni mwa masika, na abiria wakiwa tayari wanasubiri njia panda, aliinuka akiwa na tone moja kwenye ncha ya kidole.

"Kuna unyevu, Baba. Ni kidogo. Upande wa kulia."

Laurenti alitazama barabarani, kisha akatazama kidole kile. Alikuwa amechelewa tayari, na uso wake haukufurahi. Akavua koti lake, akalitandika chini, akaingia uvunguni kwa mgongo.

"Niletee spana," alisema.